Alikuwa Anastasia kweli? Filamu, mahakama na damu ya upande wa mama

Mwaka 1956 ilitoka filamu ya Kimarekani iitwayo Anastasia. Inamhusu mwanamke aliyeokotwa Paris, hana jina wala kwao, akaambiwa kwamba huenda yeye ni binti wa mfalme wa mwisho wa Urusi. Ukiitazama pamoja na watu hapa Mtwara, ikiisha tu ubishi unaanza. Mmoja atasema alikuwa yeye, kwani bibi yake si amemkumbatia? Mwingine atasema wale walikuwa matapeli tangu mwanzo, mwanamke kafundishwa. Kijana aliyekua akitazama ile ya katuni ya mwaka 1997 ataingiza habari za mchawi. Na hakosekani mtu aliyesikia kwamba DNA ilimaliza kesi, ila hakumbuki iliimaliza vipi.

Ubishi hauishi kwa sababu watu wanawazungumzia wanawake watatu kana kwamba ni mmoja. Yupo Anastasia mwenyewe, binti wa Tsar Nicholas wa Pili, aliyezaliwa mwaka 1901. Yupo Anna wa kwenye filamu, aliyetungwa na waandishi. Halafu yupo mwanamke wa kweli aliyetolewa majini Berlin mwaka 1920, akaishi zaidi ya miaka 60 akisema kwamba yeye ndiye Anastasia, na maisha yake ndiyo yaliyozaa mchezo wa jukwaani wa Mfaransa Marcelle Maurette, na mchezo huo ukazaa filamu. Ukishawatenganisha hao watatu, mambo mengi yanakaa sawa. Na ukiyatazama kwa jicho la watu wa Kusini, ambao wazee wetu wamehesabu ukoo kwa mama tangu hapo, kuna jambo linajitokeza ambalo watazamaji wengi wa filamu hii hawalioni kabisa.

Tuanze na filamu, maana ndiyo iliyotufikia.

Ni Paris, mwaka 1928, Pasaka ya Warusi waliokimbia mapinduzi. Jenerali wa zamani aitwaye Bounine, ambaye sasa anaendesha klabu ya usiku, anamfuatilia mwanamke mchakavu, mgonjwa, mwenye makovu, ambaye ametoka kwenye hospitali ya vichaa na anataka kujitupa mtoni. Bounine na wenzake wamekula fedha za Warusi wenzao kwa ahadi kwamba watamleta binti mfalme aliyenusurika, na inasemekana kuna fedha za Tsar, paundi milioni 10, zinazolala benki Uingereza zikimsubiri mrithi. Wamepewa siku chache tu. Kwa hiyo wanamchukua mwanamke huyu, wanamfundisha kutembea, kula, kucheza dansi, majina ya mashangazi na mbwa wa nyumbani. Wanachohitaji ni mtu wa kufanana tu.

Ila jinsi mafunzo yanavyoendelea, mwanamke anaanza kusema vitu ambavyo hakuna aliyemfundisha. Hapo ndipo filamu inapokushika. Bounine mwenyewe anaanza kutojua kama amemtengeneza mtu au amemkuta. Mwongozaji, Anatole Litvak, alizaliwa Kyiv, na yeye mwenyewe aliondoka katika Urusi ya Wasovieti akiwa kijana, kwa hiyo zile sura za wakimbizi wazee wanaoinama mbele ya mwanamke wasiyemjua, wakitamani awe yeye, hakuzipata kwa kubahatisha.

Yote yanaelekea Copenhagen, kwa bibi. Mama yake Tsar, Malkia mjane Maria Feodorovna, anachezwa na Helen Hayes. Ni mzee mkavu, amechoka na matapeli waliokuja kwake wakijifanya wajukuu. Anaingia chumbani kwa Anna akiwa ameshakata shauri kwamba ni tapeli mwingine. Kila kumbukumbu anayoitoa Anna, bibi anaipangua: hilo lilishaandikwa, hilo mtu yeyote anaweza kukuambia. Anna anamng'ang'ania, analia, bibi anageuka kuondoka. Ndipo Anna anapokohoa. Amekuwa akikohoa tangu mwanzo wa filamu na mtazamaji ameshazoea kuwa ni ugonjwa tu. Bibi anasimama, anamwuliza kama anaumwa. Anna anajibu kwamba hapana, ndivyo anavyokuwa akiogopa, tangu utotoni. Uso wa Helen Hayes unavyobadilika hapo, sijaona mwigizaji mwingine akifanya mambo mengi hivyo kwa kusimama tu. Anamkumbatia. Halafu, akiwa amemshika, anamwomba kitu kizito: kama si wewe, usiniambie kamwe.

Ombi hilo ndilo ufunguo wa filamu nzima. Bibi hajathibitisha chochote, amechagua. Na mwishoni, usiku wa kumtambulisha Anna mbele ya wakubwa, Anna anaondoka na Bounine, anaacha cheo, fedha na mchumba. Bibi anaulizwa atawaambia nini wageni, naye anajibu kwamba atawaambia mchezo umekwisha, waende nyumbani. Mtazamaji hapewi jibu. Mwaka 1956 jibu halikuwepo, kesi ilikuwa bado mahakamani na mwanamke wa kweli alikuwa hai, anaishi Ujerumani.

Ingrid Bergman, aliyemchezea Anna, naye alikuwa na mambo yake yaliyompa uso ule. Alikuwa nyota mkubwa wa Hollywood hadi alipoiacha ndoa yake na kuzaa na mwongozaji wa Kiitaliano Roberto Rossellini mwaka 1950. Seneta mmoja wa Colorado alisimama bungeni Marekani kumlaani. Akakaa miaka Ulaya bila kufanya filamu ya Hollywood. Anastasia ndiyo iliyomrudisha, na mwaka 1957 ikampa tuzo yake ya pili ya Oscar. Hakwenda kuipokea, Cary Grant aliipokea kwa niaba yake. Watu waliokata tiketi kumwona mwanamke anayeomba kutambuliwa walijua vizuri sana kwamba anayeomba ana kesi yake mwenyewe na hadhira hiyohiyo.

Usiku wa Yekaterinburg

Sasa Anastasia mwenyewe. Baba yake alijiuzulu Machi 1917. Familia ikashikiliwa, ikahamishwa hapa na pale, mwisho ikafikishwa Yekaterinburg, mji wa milima ya Ural. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Julai 1918 waliamshwa, wakateremshwa kwenye chumba cha chini cha nyumba ya Ipatiev, wakapigwa risasi: Tsar, mkewe Alexandra, mabinti wanne Olga, Tatiana, Maria na Anastasia, mtoto wa kiume Alexei aliyekuwa na ugonjwa wa damu kutoganda, pamoja na daktari wao Botkin na watumishi watatu. Watu 11. Anastasia alikuwa na miaka 17.

Uvumi wote uliofuata ulizaliwa na tangazo. Serikali mpya ilitangaza kwamba Tsar ameuawa, ila familia yake imepelekwa mahali salama. Kaburi halikuonyeshwa. Ndugu waliokuwa ng'ambo wakabaki hawajui waombolezee au wasubiri. Mama yake Tsar, yule bibi wa kwenye filamu, hakukubali hadharani hadi anakufa Oktoba 1928 kwamba mwanawe na wajukuu wamekufa. Pasipo kaburi, matanga hayaanuliwi, na mlango ukiachwa wazi namna hiyo kila mwenye hadithi anaweza kuingia.

Mwanamke wa mferejini

Februari 1920 polisi wa Berlin walimtoa mwanamke kwenye mfereji wa Landwehr. Hakuwa na karatasi yoyote, na hakukubali kutaja jina. Mwilini na kichwani alikuwa na makovu. Wakampeleka hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dalldorf, akakaa humo karibu miaka miwili akiandikwa kama mtu asiyejulikana. Mgonjwa mwenzake mmoja ndiye aliyeanza kusema kwamba huyu ni binti wa Tsar, na kwanza alidhani ni Tatiana. Mwanamke mmoja aliyewahi kumhudumia Alexandra, mama wa mabinti wale, akaletwa kumtazama, akasema ni mfupi mno kuwa Tatiana. Baadaye jina likatulia kwenye Anastasia. Maelezo yake yalikuwa kwamba askari mmoja alimwona bado anapumua kati ya maiti, akamtorosha hadi Romania. Alijiita Anna Tschaikovsky, na alipokwenda Marekani mwaka 1928 akawa Anna Anderson, jina ambalo dunia ilimjua nalo.

Alikuwa anaelewa Kirusi lakini hakubali kukizungumza. Alijua mambo madogo ya ikulu ambayo yaliwashtua watu, na alikosa mengine ambayo mtoto wa nyumba ile asingekosa. Vidole vyake vya miguu vilikuwa vimepinda kama vya Anastasia. Wataalamu walipima masikio yake kwenye picha, wakalinganisha mwandiko. Kila upande ulipata mtaalamu wake.

Na hapa kuna tofauti moja kubwa na filamu ambayo watu wengi hawaijui. Yule bibi hakukutana naye hata siku moja. Tukio lile la kikohozi halikutokea, limetungwa lote. Waliokwenda kumwona ni wengine: shangazi yake Anastasia, Olga, dada wa Tsar, alimtembelea Berlin mwaka 1925 na baadaye akamkana. Mwalimu wa Kifaransa wa watoto wale, Pierre Gilliard, alimkana na akaandika kitabu dhidi yake. Gleb Botkin, mtoto wa daktari aliyeuawa pamoja na familia, aliyecheza na Anastasia utotoni, alimkubali na akamtetea maisha yake yote.

Kesi ilifunguliwa Berlin mwaka 1938, juu ya mirathi. Vita vikapita katikati yake, Ujerumani ikagawanyika, majaji wakabadilika, mashahidi wakafa. Mahakama ya juu ya Ujerumani Magharibi ilitoa uamuzi wa mwisho mwaka 1970: dai lake halijathibitishwa, wala halijakanushwa. Miaka 32, na jibu likawa sawa kabisa na la filamu. Wakati huo Anna alikuwa ameshahamia Charlottesville, jimbo la Virginia, Marekani, na ameolewa huko. Alifariki Februari 1984, mwili ukachomwa kama alivyotaka.

Nani mwenye haki ya kusema "huyu ni wetu"?

Nataka nikae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo Kusini inaponisaidia kufikiri.

Wamakonde wa uwanda wa Newala na Tandahimba, Wamwera wa Lindi, Wamakua wa Masasi, Wayao: wote hawa kwa asili wamehesabu ukoo kwa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mwenye sauti juu yake ni mjomba. Uislamu, Ukristo, shule na maisha ya mjini vimeuvuta mzani kwenda kwa baba, na leo watoto wa Mtwara mjini wanatumia ubini wa baba kama watoto wa kwingineko. Ila ukifika msiba au posa, utaona nani anasubiriwa kabla mazungumzo hayajaanza.

Niliwahi kumsikiliza mzee mmoja wa upande wa Tandahimba akimhoji mama aliyekuja kutoka ng'ambo ya Ruvuma, anadai kwamba ana ndugu kijijini. Watu wa pande hizi wamezoea wageni wa namna hiyo. Vita vya ukombozi wa Msumbiji kuanzia 1964 vilivusha maelfu ya watu, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikavusha wengine, na wengi walivuka bila karatasi. Mzee hakuanza na jina lake. Alimwuliza mama yako nani. Mama wa mama yako alizaliwa wapi. Alizikwa wapi. Mjomba aliyewasimamia ni nani, na dada zake mjomba huyo ni wangapi. Jina la baba lilikuja mwishoni, na jina la mama yule mwenyewe karibu halikuulizwa, maana watu hubadili majina wakitoka jandoni na unyagoni, jina peke yake halimfungi mtu. Walipofika kwa bibi wa tatu kwenda juu, mwanamke mzee aliyekuwa amekaa pembeni akajibu kabla ya mgeni. Kesi ikaisha hapo.

Mchukue mzee yule umpeleke Berlin mwaka 1922. Angemwuliza nini Anna? Asingemwuliza habari za Tsar kabisa. Asingemtafuta bibi wa Copenhagen, kwa sababu huyo ni bibi mzaa baba, si wa ukoo wake. Angeuliza upande wa Alexandra. Alexandra alitoka Hesse, Ujerumani, mama yake alikuwa Alice, binti wa Malkia Victoria wa Uingereza. Alice alikufa mwaka 1878, lakini watoto wake kadhaa walikuwa hai: dada wakubwa wa Alexandra, Victoria na Irene, na kaka yao Ernst Ludwig. Yaani wapo mama wakubwa wawili na mjomba. Kwa Kusini, baraza limeshatimia.

Na walisema nini? Irene alikwenda kumwona Anna mwaka 1922, akasema si yeye. Mjomba Ernst Ludwig alimkataa kabisa. Si hivyo tu, mwaka 1927 gazeti moja la Berlin lilichapisha uchunguzi, ambao inasemekana mjomba aliugharamia, uliosema mwanamke huyu ni Franziska Schanzkowska, mfanyakazi wa kiwandani aliyepotea Berlin mwanzoni mwa 1920, wakati uleule ambao mwanamke asiye na jina alitolewa mferejini. Watetezi wa Anna walisema mjomba ana sababu zake za kisiasa za kumziba mdomo. Lazima niongeze kwamba upande wa mama haukuwa kauli moja: Sigismund, mtoto wa Irene, baadaye alimpelekea Anna maswali ya utotoni, akaridhika na majibu, akamwamini. Hata hivyo wale wenye haki ya kwanza ya kusema, mama mkubwa na mjomba, walisema mapema na hawakurudi nyuma.

Filamu ikachagua njia nyingine. Ilimwachia bibi mzaa baba aamue. Kwa mchezo wa kuigiza huo ni uchaguzi mzuri, maana bibi yule ana taji, ana majonzi, ana ukaidi. Lakini sayansi ilipokuja, ilikuja kwa njia ya mzee wa Tandahimba.

Damu ya tumbo moja

Kaburi liligunduliwa kimyakimya mwaka 1979 msituni karibu na Yekaterinburg na watafiti wawili wa Kirusi, ambao walilificha kwa kuhofia serikali. Lilifukuliwa mwaka 1991. Mifupa ilikuwa ya watu tisa, na waliouawa ni 11. Waliokosekana ni Alexei na binti mmoja.

Mifupa iliyolala ardhini zaidi ya miaka 70 haina vinasaba vingi vilivyo salama. DNA ya kwenye kiini cha seli, ile inayotoka kwa baba na mama nusu kwa nusu, ipo nakala mbili tu kwa kila seli na huharibika haraka. Ila ndani ya seli kuna vijiwanda vidogo vya kutengeneza nguvu viitwavyo mitokondria, vyenye DNA yao wenyewe, fupi, ya mviringo, ambayo ina nakala mamia hadi maelfu katika seli moja. Hiyo hudumu. Na hiyo hurithiwa kwa mama peke yake. Mama huwapa watoto wake wote, wa kike na wa kiume, lakini mtoto wa kiume hampi mtu. Mjomba anayo, watoto wa mjomba hawana. Watoto wa dada wanayo. Mtu aliyekulia kwenye ukoo wa mama hahitaji kuchorewa mchoro. Mitokondria inapita palepale ukoo unapopita.

Kwa hiyo wanasayansi wa Uingereza wakiongozwa na Peter Gill, wakishirikiana na Pavel Ivanov wa Urusi, walihitaji mtu aliye hai wa ukoo wa mama wa Alexandra. Walimpata Prince Philip, mume wa Malkia Elizabeth. Fuata mstari: Victoria, dada mkubwa wa Alexandra, alimzaa Alice mwingine, mjukuu wa yule Alice wa kwanza, na Alice huyu akamzaa Philip. Alexandra kwa Alice ni mama mdogo. Alice na Anastasia ni dada, watoto wa mama mkubwa na mama mdogo. Kwa hiyo kwa hesabu za kwetu Anastasia alikuwa mama mdogo wa Prince Philip. Philip alitoa damu, ikalinganishwa na mifupa ya Alexandra na mabinti watatu, ikafanana. Matokeo ya kaburi yalichapishwa mwaka 1994. Kwa Tsar mwenyewe ilibidi watafutwe watu wengine, wa ukoo wa mama yake yeye.

Ikabaki Anna, ambaye mwili wake ulikuwa umeshachomwa. Lakini mwaka 1979 alifanyiwa upasuaji wa tumbo Charlottesville, na hospitali ilihifadhi vipande vya utumbo wake, kama hospitali nyingi zinavyofanya kwa uchunguzi. Vipande hivyo vikapimwa mwaka huohuo wa 1994. Havikufanana na damu ya Philip. DNA ya kwenye kiini nayo ilionyesha kwamba asingeweza kuwa mtoto wa Nicholas na Alexandra. Halafu wakapima damu ya mtu mwingine: mjukuu wa dada yake Franziska Schanzkowska, aliyezaliwa na binti wa dada huyo, kwa hiyo ni wa mstari uleule wa mama. Ikafanana.

Kipimo hiki kina mpaka wake, na ni vizuri kuujua ili usidanganywe na makala za juujuu. Mitokondria inaweza kusema kwa nguvu kwamba fulani si wa ukoo huu. Ikifanana, inasema tu kwamba mnaweza kuwa wa mstari mmoja, na watu wasiojuana huweza kuwa na mitokondria inayofanana. Ndiyo maana ushahidi kuhusu Franziska unasimama kwa miguu miwili: DNA, pamoja na uchunguzi wa 1927 uliomtaja kwa jina miaka 67 kabla kipimo hicho hakijafanyika. Pia mitokondria haiwatofautishi watoto wa tumbo moja. Mabinti wanne wa Alexandra wote walikuwa nayo ileile. Kwa hiyo swali la binti gani hayupo kaburini halikujibiwa na mitokondria, na wataalamu waligawanyika: Wamarekani waliopima mifupa walisema aliyekosekana ni Anastasia, Warusi wakasema ni Maria. Wapenzi wa hadithi waliushika mwanya huo wa mwisho hadi mwaka 2007, yalipopatikana mabaki ya watu wawili kama mita 70 kutoka kaburi la kwanza, mvulana na msichana. Vipimo vilivyofuata vilionyesha ni Alexei na dada yake. Idadi ikatimia 11. Yeyote kati ya Maria na Anastasia aliyekuwa kwenye shimo la pili, hakuna binti aliyetoka Yekaterinburg akiwa hai.

Na huyo Franziska?

Nilipomweleza haya mama mmoja wa Mikindani baada ya kuitazama filamu, swali lake halikuwa la Tsar. Aliuliza: ndugu zake huyo wa kiwandani walikuwa wapi muda wote huo?

Ni swali ambalo mahakama ilipaswa kukaa nalo zaidi. Franziska alizaliwa mwaka 1896 katika familia maskini ya Wakashubi, eneo ambalo leo ni Poland, akaenda Berlin kutafuta kazi kama wasichana wengi wa vijijini. Mchumba wake alikufa vitani. Mwaka 1916, kiwandani walikokuwa wakitengeneza mabomu ya mkono, bomu lilimponyoka likalipuka, msimamizi akafa mbele yake, yeye akaumia kichwani na mwilini. Hayo ni makovu ambayo baadaye watu waliyaita ya risasi na singe za Yekaterinburg. Alitibiwa katika hospitali za wagonjwa wa akili. Mwaka 1920 akapotea.

Mwaka 1927 kaka yake, Felix, aliletwa kukutana na Anna. Alikiri kwamba anafanana sana na dada yake, kisha akakataa kusaini kwamba ni yeye. Mwaka 1938 walikutanishwa tena na ndugu kadhaa. Dada yake Gertrude alishikilia kwamba huyu ni dada yao. Wengine walisita, na mwishowe hakuna aliyetia saini. Wakati huo ukimtambua tu dada yako, unamtoa kwenye majumba ya wakubwa na kumweka mbele ya hakimu kama tapeli. Mimi naamini Felix alimjua. Alichofanya ni kinyume cha bibi wa Copenhagen: yule wa filamu alimkubali mtu asiye na uhakika naye kwa sababu ya mapenzi, huyu alimkana mtu aliyemjua kwa sababu hiyohiyo.

Mama yule wa Mikindani hakuafiki. Alisema ndugu hata akiwa na makosa unamchukua, unamrudisha kwa mjomba wake, mengine mtayamaliza nyumbani. Tulibishana hadi umeme ukakatika. Aliyepimwa mwaka 1994 na damu yake ikafanana na ya Anna alikuwa mtoto wa binti wa Gertrude, yule dada mmoja aliyeshikilia kwamba huyu ni wetu.